Mapumziko Chini ya Bawa

Kwa mujibu wa vitabu vya kampuni, Karwirwa Mukiri alipumzika kila asubuhi kwa miaka sita. Alipumzika akiwa amevaa sare, kamba za viatu zimefungwa, redio ya mkononi mapajani, ameketi juu ya kreti ya soda chini ya bawa la ndege katika uwanja mdogo nje ya mji wa Meru. Kila gari lilipotokea kwa kasi barabarani alisimama, kwa maana huenda ndilo lililobeba miraa. Likipita, aliketi tena. Hicho ndicho kampuni ilichokiita kupumzika, na ikakiandika hivyo kwenye karatasi zilizotumwa kwa mamlaka ya anga, Nairobi, kila mwisho wa mwezi.

Kampuni yenyewe iliitwa Ruguti Air. Ilikuwa na ndege tano za injini mbili na marubani kumi na wanne. Asubuhi ilipeleka miraa ya Igembe hadi Mandera, alasiri ikapeleka nyingine Wajir, na ndege zikirudi zilibeba watu: walimu, wauguzi, askari wa likizo, akina mama na watoto. Miraa ni ya kutafunwa ikiwa mbichi, na ikishachumwa haina subira, kwa hiyo marubani waliamriwa kuwa uwanjani saa kumi na moja alfajiri, wawe tayari. Lakini wachumaji na madereva wa Laare, miraa ilikotoka, walikuwa na saa yao. Mzigo ungeweza kufika saa moja, ungeweza kufika saa tano. Saa za kazi za rubani hazikuanza kuhesabiwa mpaka injini iwashwe. Mtu aliyeamka saa tisa usiku nyumbani kwake, akarudi ardhini mara ya mwisho saa kumi na mbili jioni, aliandikiwa kwamba amefanya kazi saa saba.

Karwirwa alikuwa mzaliwa wa Nkubu, binti wa pekee wa mama mkulima wa kahawa aliyeitwa Kiende. Alipofaulu mtihani wa fizikia kuliko wavulana wote wa shule yake na kusema anataka kuwa rubani, watu walicheka, kisha wakafanya harambee ya kumsomesha. Hiyo ilikuwa mwaka 1996, katika uwanja wa kanisa. Mwenyekiti alikuwa Ishmael Riungu, wakati ule mfanyabiashara wa miraa mwenye malori mawili, mzee wa kanisa, mtu mwenye sauti ya kuwafanya watu watoe hata walichokuwa wamekificha. Yeye mwenyewe alitoa fahali. Miaka kumi baadaye Riungu aliponunua ndege, hakumpigia Karwirwa simu. Alikwenda kwa Kiende, akanywa chai, akasema sasa ni wakati wa mtoto kurudi nyumbani. Karwirwa aliacha kazi Nairobi akarudi.

Mkataba wa marubani ulipomalizika mwanzoni mwa mwaka 2012, walichagua kamati ya kujadiliana na tajiri. Mwenyekiti akawa Kapteni Bundi, mkubwa wao kwa umri, mtu mpole wa miaka hamsini na mitatu. Katibu akawa Karwirwa. Madai yalikuwa mengi kidogo, lakini yenye uzito ni mawili: nyongeza ya mshahara, na kifungu cha saba. Kifungu hicho Karwirwa alikiandika kwa mkono wake. Kilisema saa za kazi zihesabiwe tangu rubani anapofika uwanjani mpaka anapoachiliwa kwenda nyumbani, na zikifika kumi na mbili asiruke tena, hata mzigo ukiwa mlangoni.

Riungu hakutaka mazungumzo yafanyike Meru, ambako kila mhudumu wa hoteli alikuwa mpwa wa mtu. Wakakubaliana kukutana Embu, katika ukumbi wa hoteli moja karibu na ofisi za serikali. Mpatanishi alitoka ofisi ya leba, mama mmoja makini aitwaye Wambeti, aliyezoea kusuluhisha migogoro ya viwanda vya chai na ambaye alisema tangu mwanzo kwamba mambo ya ndege atayaelewa akielezwa polepole.

Riungu alikuja na wakili. Alisikiliza habari za mshahara kwa utulivu, akaandika tarakimu, akatikisa kichwa, akaandika nyingine. Walipofika kifungu cha saba aliweka kalamu chini.

Aliuliza mtu aliyeketi kivulini akinywa chai anafanya kazi gani. Alieleza jinsi yeye alivyolala juu ya magunia katika lori lake mwenyewe, akaamka akaendesha mpaka Moyale bila kumwandikia mtu barua. Alisema vijana wa siku hizi wanataka kulipwa kwa kupepesa macho. Wakili alicheka. Karwirwa alieleza, polepole kama Wambeti alivyotaka, kwamba dereva akisinzia anaweza kusimama kando ya barabara. Riungu hakumjibu yeye. Alimgeukia Bundi, akasema ataongeza mshahara kwa asilimia thelathini, nyongeza ambayo hakuna kampuni ndogo iliyowahi kutoa, mradi kifungu cha saba kifutwe chote.

Asilimia thelathini. Karwirwa aliwaona wenzake wawili wa kamati wakiinua vichwa. Bundi alisema watalirudisha jambo hilo kwa marubani wote. Walipotoka nje Karwirwa alikuwa amekunja karatasi zake mpaka zikachanika kati.

Siku tisa baadaye, Alhamisi, alipangwa kuruka na Bundi. Ilikuwa siku ya tatu mfululizo kwa wote wawili. Siku hiyo miraa ilifika saa tano kasorobo. Walikwenda Mandera, wakarudi, wakapakia, wakaenda Wajir. Kurudi walibeba abiria kumi na mmoja. Bundi ndiye aliyekuwa msimamizi wa safari, ameketi kushoto, Karwirwa kulia. Jua la jioni lilikuwa mbele yao moja kwa moja na joto la kioo liliwachoma mapaja. Ndege ilikuwa inajiendesha kwa mtambo. Bundi alikuwa anamweleza habari za paa la nyumba yake, jinsi fundi alivyomletea mabati membamba, kisha akanyamaza. Karwirwa alidhani anatafuta neno. Alifumba macho kidogo kwa sababu ya jua.

Alichohisi baadaye ni mkono wa mtu begani.

"Madam," sauti ya mwanamume ilisema nyuma yake, taratibu, kama mtu anayeogopa kukosea. "Ule si Mlima Kenya?"

Ndege zile hazikuwa na mlango kati ya marubani na abiria. Aliyeuliza alikuwa mwalimu aliyekaa kiti cha mbele. Na ulikuwa Mlima Kenya. Uwanja wao walikuwa wameupita zamani, hawakushuka, na sasa mlima ulijaza kioo chote, mawingu yamekaa juu yake, na chini ya mawingu miti ya msitu ilionekana mmoja mmoja. Bundi alikuwa amelala kinywa wazi, mkono wake umelazwa gotini, kiganja juu. Karwirwa alishika usukani akaigeuza ndege kulia kwa nguvu. Nyuma mtoto alianza kulia. Bundi aliamka kwa mwinamo wa ndege, akatazama nje, akasema jina la Yesu mara moja.

Jamaa wa redio pale uwanjani alikuwa amewaita mara nne. Bundi alimwambia redio ilisumbua. Walitua. Abiria walishuka, wengine wakishukuru. Yule mwalimu alichukua begi lake, akamtazama Karwirwa, akaondoka.

Bundi alimvuta kando ya ndege. Hakuwa na ukali. Alisema sheria inataka waandike ripoti, na wakiandika, leseni zao zitakwenda. Yeye alikuwa na watoto watatu chuoni. "Na wewe una mama," alisema. "Hakuna aliyekufa, Karwirwa. Tunyamaze."

Akanyamaza. Hilo ndilo jambo ambalo mpaka leo halisemi kwa urahisi. Alinyamaza siku moja, akanyamaza wiki. Aliamka saa tisa, akaenda uwanjani, akaketi juu ya kreti. Alimkasirikia Riungu, alimkasirikia Bundi, na zaidi ya wote alijikasirikia yeye, kwa sababu hakuna aliyemfunga kinywa. Chakula kilimshinda. Mama yake alidhani ni malaria.

Kisha marubani wakakutana Makutano, katika hoteli ya nyama choma, kupiga kura juu ya ahadi ya Riungu. Karwirwa alizungumza kwa nusu saa kuhusu uchovu bila kutaja Alhamisi ile, na alisikia mwenyewe jinsi maneno yake yalivyokuwa matupu. Wakati wa kuinua mikono, wa kwanza kukubali asilimia thelathini na kufuta kifungu cha saba alikuwa Bundi. Karwirwa aliutazama mkono ule. Ni mkono uleule aliouona umelala gotini, kiganja juu. Kura zilikuwa tisa kwa tano. Mtu mmoja aliagiza kilo nyingine ya mbuzi.

Usiku huo hakuwaaga. Jumamosi asubuhi alitafuta karatasi ya abiria wa siku ile, akapata jina: Salesio Njue, mwalimu, wa Runyenjes. Alipanda gari mpaka Runyenjes, akachukua boda boda, na baada ya kuuliza katika vibanda viwili akaelekezwa kwenye shamba la chai mteremkoni. Mwalimu Salesio alikuwa katikati ya michai na mkewe, kikapu mgongoni. Alimtambua kabla hajajitambulisha. Hakumkaribisha nyumbani.

"Siku kumi na sita," alisema. "Siku kumi na sita nimengoja mtu wa kampuni yenu aje aniambie pole. Nilikuwa nimeketi na mama mwenye mtoto wa miezi minne, Kapteni. Nilikutazama ukilala. Nilidhani ni kawaida yenu, kwamba mmoja hulala na mwingine huendesha. Kisha nikamtazama mwenzako."

Karwirwa alisema pole. Mwalimu alisema hiyo haitoshi. Alisema mengine, kwa sauti ya chini, ya kuumiza kuliko kelele: kwamba yeye akimchapa mtoto darasani hufukuzwa kazi, na mtu anayewapeleka watu kumi na mmoja mlimani hupewa nyongeza. Karwirwa hakujitetea. Mwalimu alipomaliza, alimweleza habari za saa kumi na moja alfajiri na kifungu cha saba, na kwamba kimekwisha kuuzwa. Alimwomba aandike alichokiona, chote, na jina lake yeye Karwirwa asilifiche.

Mke wa mwalimu ndiye aliyesema waingie ndani. Salesio aliandika kurasa mbili kwa kalamu nyekundu, kwa sababu ndiyo iliyokuwepo.

Jumatatu walikutana tena Embu. Mkataba ulikuwa umekwisha kuchapwa, nakala nne, na pa kutia sahihi palikuwa pamewekewa alama ya penseli. Riungu alikuwa na furaha. Alikuwa ameagiza chai na nduma za kuchemshwa kwa kila mtu. Wambeti alimpa Bundi kalamu, Bundi akatia sahihi, akasogeza karatasi kwa katibu wake.

Karwirwa hakuzigusa. Aliomba ruhusa ya kusema, akasoma barua ya mwalimu tangu mwanzo hadi mwisho, kisha akasimulia sehemu ambayo mwalimu hakuijua: muda uliopita kati ya neno la mwisho la Bundi na ule mkono begani mwake, dakika kumi na nne. Bundi aliinamisha kichwa mapema, barua ilipotaja mlima. Wambeti aliacha kuandika.

Wakili ndiye aliyesema kwanza. Alimkumbusha Karwirwa kwamba amekiri kosa mbele ya mashahidi. Karwirwa alimwambia aliandike vizuri, maana nakala ya barua ile ataipeleka Nairobi, kwa mamlaka ya anga, yeye mwenyewe kesho yake.

Riungu alimwomba wakili anyamaze. Hakuonekana mwenye hasira, alionekana mtu aliyedhulumiwa. Alizungumza Kiswahili, lakini akaanza na neno la nyumbani, la kumwita binti.

"Mwari," alisema, "nani alikusomesha?"

Karwirwa alikuwa amelingoja swali hilo kwa miaka sita. Alilisikia kila Riungu alipokwenda kunywa chai kwa mama yake, na kila alipopangiwa siku ya nne mfululizo asikatae. Sasa alipolisikia kwa masikio, alisimama. Wote wanakumbuka kwamba hakupaza sauti, lakini wahudumu waliokuwa mlangoni waliacha kuingia.

"Ulitoa fahali, Mzee. Nilikushukuru nikiwa na miaka kumi na tisa, nimekushukuru kila Jumapili tangu hapo. Mama Igoki jirani yetu alitoa kuku, na hakuwa na mwingine. Hajawahi kuja kunywa chai kwetu akaniambia niruke nikiwa nimechoka. Kama fahali wako ndiye aliyenunua usingizi wangu, nitakulipa fahali. Nitakuletea na ndama. Lakini wale watu kumi na mmoja hawakula nyama yake. Mtoto wa miezi minne hakuwa na deni kwako. Unaniuliza nani alinisomesha. Mimi nakuuliza, ungesema nini kanisani siku ya kuwazika? Ungesema tulikuwa tumepumzika? Imeandikwa hivyo kwenye vitabu vyako."

 Riungu alinyoosha mkono akachukua kofia yake mezani. Wambeti alisema kikao kimeahirishwa na kwamba nakala zile nne hazina nguvu bila sahihi ya katibu. Bundi alitoka kwa mlango wa nyuma.

Wakaguzi walikuja kutoka Nairobi wiki iliyofuata. Meneja wa uwanja aliwaonyesha vitabu, na vitabu vilikuwa safi. Lakini mmoja wao, mwanamke mwenye miwani, alikwenda kwenye geti akamwomba mlinzi daftari lake. Mlinzi huyo, Rwamba, alikuwa amemwandika kila mtu aliyeingia, na saa aliyoingia, kwa miaka yote, kwa sababu ndiyo kazi aliyopewa na hakuna aliyemwambia aiache. Saa kumi na moja, saa kumi na moja na dakika tano, ukurasa baada ya ukurasa. Walibeba madaftari saba.

Ndege zilisimamishwa siku kumi. Ilikuwa msimu mzuri wa miraa na bei ilikuwa juu. Watu wa Igembe waliokuwa na mzigo njiani walipata hasara, na walimjua wa kumlaumu. Asubuhi moja Kiende alifungua lango lake akakuta gunia zima la miraa iliyonyauka limemwagwa pale, na mtu amelikojolea. Mama huyo alichukua jembe, akalifukia rundo lote kwenye mashina ya kahawa, akaingia ndani kupika. Karwirwa alitaka kwenda kumtafuta aliyefanya hivyo. Mama yake alimwambia akae chini ale.

Leseni yake ilisimamishwa miezi sita, na ya Bundi vilevile. Kampuni iliamriwa kuhesabu saa tangu geti. Wambeti aliwaita tena Embu mwezi wa nane, na kwa kuwa kifungu cha saba sasa kilikuwa amri na si ombi, Riungu hakuwa na sababu ya kukinunua. Alitoa nyongeza ya asilimia kumi na mbili. Marubani walitia sahihi. Kadhaa kati yao waliacha kumsalimu Karwirwa, wakisema amewanyang'anya asilimia kumi na nane. Ajira yake haikuongezwa, kwa barua ya mistari mitatu.

Miezi ile sita aliishi Nkubu akichuma kahawa. Jumapili moja Riungu alisimama kanisani kuchangisha fedha za paa, akasema kwa upole kwamba kusomesha mtoto wa mtu ni kama kufuga nyuki, siku moja watakuuma. Watu walicheka. Karwirwa aliinuka kutoka kiti cha tatu, akatembea mpaka nje, na tangu siku hiyo husali kanisa jingine, kilomita nne kwa miguu. Mama yake alibaki kiti kilekile. Alisema hawezi kuacha kanisa lake kwa sababu ya Ishmael. Alimsihi binti yake amsamehe. Karwirwa alisema bado ana hasira na bado anaihitaji.

Leseni ilirudi Januari. Alipata kazi katika kampuni nyingine, Nairobi, kwa mshahara mdogo kuliko wa zamani. Kabla ya kutia sahihi alisoma mkataba wote kwa saa nzima, meneja akimtazama, na akataka neno moja la kifungu cha saa za kazi libadilishwe.

Miaka miwili baadaye alikutana na Bundi mjini Embu, nje ya chuo kikuu, siku ambayo binti yake Bundi alikuwa anahitimu. Bundi alimsalimu kwa mkono. Alikuwa amerudi Ruguti Air. Alimweleza, akitazama kando, kwamba mwezi uliopita alikataa safari ya Wajir kwa sababu saa zake zilikuwa zimekwisha, na Riungu alikuja uwanjani mwenyewe kupiga makelele, naye akamwonyesha kifungu kwa kidole, kisha akaenda nyumbani kulala. Alilisimulia kama jambo la kawaida. Hakusema asante, na Karwirwa hakuitaka.

Alimwuliza tu kama amewahi kwenda kwa Mwalimu Salesio kumwomba msamaha. Bundi aligeuza ufunguo wa gari mkononi. Alisema bado, lakini Runyenjes si mbali, atapita huko akirudi nyumbani leo hii.

Hakupita. Karwirwa anajua, kwa sababu yeye na mwalimu huyo hupigiana simu kila mwaka, mwezi wa safari ile, na kila mwaka humwuliza kama Bundi amefika.